Jumapili ya Ukoma: Nani Bado Hajapona?



Mwaka 1954 mlei Mkatoliki wa Ufaransa, Raoul Follereau, alianzisha Siku ya Ukoma Duniani, Jumapili ya mwisho ya Januari. Alitaka mambo mawili: wagonjwa watibiwe kama wagonjwa wengine, na wazima waponywe hofu yao.

La kwanza limepiga hatua. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto zinazoponya ukoma. Tangu 1995 hutolewa bure.

La pili limetushinda. Tunatoa mchango, kisha aliyepona tunamwachia benchi peke yake. Yesu alimgusa mwenye ukoma kwanza, ndipo akamtakasa (Mk 1:40-42). Nasi tunapotakiana amani, tumshike mkono, hata usio na vidole.