Katanga: nani alihesabu kalori za bukari?

LUBUMBASHI – Mama anayeuza unga kwa meka katika soko la Kenya akiulizwa mle ndani mna kalori ngapi, atacheka kwanza, kisha atauliza kama mteja ananunua au anapita tu. Anachojua yeye ni meka moja inashibisha watu wangapi, unga upi unavimba vizuri katika sufuria na upi unageuka uji, na bei ilikuwa ngapi juma lililopita. Kwa kumsikia yeye, mtu angesema haraka kwamba wakaaji wa Lubumbashi hawana habari na kalori. Historia ya mji huu inasema jambo lingine. Kuna wakati kalori za bukari zilihesabiwa hapa kwa mizani na kwa daftari, kwa ajili ya maelfu ya watu. Ila waliohesabu si wale waliokula.

Neno lenyewe lilitoka mbali. Kalori ni kipimo cha joto. Ile inayoandikwa kwenye pakiti za chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Nicolas Clément alilitumia neno hilo akifundisha juu ya mashine za joto, si juu ya sahani ya mtu. Miaka ya 1890, huko Connecticut, Mmarekani Wilbur Atwater alifungia watu ndani ya chumba maalumu, akapima walichokula na joto lililotoka katika miili yao. Kwake ndiko zilikotoka hesabu zinazotumika mpaka leo: gramu moja ya wanga au ya protini inatoa kalori 4, gramu moja ya mafuta inatoa 9. Atwater alitaka kujua mfanyakazi wa mshahara mdogo anunue nini ili apate nguvu nyingi kwa pesa kidogo.

Mwaka wa 1918, daktari mmoja wa Los Angeles, Lulu Hunt Peters, alichapa kitabu kilichowafundisha wanawake wa Marekani kuhesabu kalori ili wapunguze mwili. Kitabu kilinunuliwa sana. Katika Katanga ya miaka hiyohiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kupunguza mwili wa mtu. Shida ilikuwa namna ya kumfanya mtu asife kabla mkataba wake haujaisha.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Madini yalikuwa mengi, watu walikuwa wachache. Mwaka huohuo wa 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta wanaume na kuwaleta migodini. Walitoka Luapula, Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Ruanda-Urundi. Wengi walikulia kwenye mihogo, mtama au ndizi. Walipofika walikuta unga wa mahindi uliokuja kwa gari moshi kutoka Rhodesia, kambi zenye baridi ya mwezi wa sita, na kazi ya koleo kutoka asubuhi. Kuhara damu na nimonia viliua watu wengi sana. Wengine walitoroka.

Kwa kampuni, kila aliyekufa na kila aliyetoroka alikuwa pesa zilizopotea, maana kumleta mtu kutoka mbali kuligharimu. Hapo ndipo daktari alipoingia jikoni. Sheria ya mwezi wa tatu mwaka 1922 juu ya mkataba wa kazi iligusa pia wajibu wa bwana wa kazi kumlisha mfanyakazi, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilibadilisha mtindo: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba, hospitali, shule. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeongoza siasa hiyo ya jamii kwa muda mrefu. Mwenzake René Van Nitsen alichapa mwaka wa 1933 kitabu kizima juu ya afya ya wafanyakazi weusi katika kambi za Katanga ya Juu. Ndani ya maandishi ya madaktari hao chakula kinapimwa kama makaa ya tanuri: kiasi gani kiingie ili kazi kiasi gani itoke. Ni kweli kwamba vifo vilipungua, na hilo lisifichwe. Lakini ni kweli pia kwamba swali halikuwa mtu anapenda kula nini.

Jibu la swali hilo liliitwa posho. Unga wa mahindi ulikuja kwanza, ndio uliobeba mzigo mkubwa, kwa sababu kilo moja yake ina kalori kama 3.500. Kisha nyama au samaki, maharagi au karanga, mafuta ya mawese, chumvi, mboga. Mke alikuwa na sehemu yake, na watoto sehemu yao. Mtu asiyeandikwa kwenye daftari la kambi hakuwa na sehemu.

Hapo ndipo hesabu ya daktari iligongana na desturi ya nyumba. Bukari haipakuliwi kwa gramu. Inawekwa katikati, mikono inanawa, na anayebisha hodi anaambiwa karibu. Ndugu aliyefika kutoka Kabongo kutafuta kazi hakuwa katika daftari, lakini haiwezekani akae pembeni akiangalia wengine wanamega matonge. Posho ya watu wanne ikaliwa na watu saba. Kwenye karatasi za kampuni kila mtu alikuwa ameshiba, na nyumbani sufuria ilikwisha kabla ya siku ya mgawanyo mwingine. Wanawake wa kambi walijaza pengo kwa njia zao: bustani ya lengalenga na matembele nyuma ya nyumba, munkoyo, na lutuku iliyopikwa kwa siri kwa sababu ilikatazwa. Kazi hiyo ya wanawake haikuonekana katika jedwali lolote la kalori, ingawa bila hiyo majedwali yale yasingesimama.

Kampuni iliijua tabia hiyo ya kugawana na haikuipenda. Ndiyo maana watoto walilishwa kwenye kantini, mbele ya macho ya wasimamizi. Haikuamini kwamba chakula cha mtoto kikifika nyumbani kitaliwa na mtoto. Kwa mzee wa leo aliyekulia kambini, kantini inaweza kuwa kumbukumbu tamu ya utoto. Kwa mama yake huenda ilikuwa tusi: mtu mwingine anamlisha mwanawe kana kwamba yeye hajui.

Na mahindi yenyewe yalitoka wapi? Mwanzoni Rhodesia. Baada ya reli ya BCK kufika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka wa 1928, magunia yakaanza kushuka kutoka Lomami na Kasai. Huko vijijini mahindi hayakulimwa yote kwa kupenda. Tangu 1917 utawala wa kikoloni ulikuwa na uwezo wa kulazimisha kilimo, na sheria ya 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka. Vita vilipokuja, mwaka wa 1942, siku zikapandishwa hadi 120. Kwa hiyo kila posho iliyopimwa vizuri Élisabethville ilikuwa na mkulima nyuma yake, aliyeuza kwa bei aliyopangiwa. Nguvu alizotumia yeye shambani hakuna daktari aliyekuja kuzihesabu.

Vita vilionyesha pia mpaka wa hesabu ile. Shaba ya Katanga ilihitajiwa na Waingereza na Wamarekani, kazi ikaongezwa, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi weusi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, mbele ya gavana Maron, na askari wakafyatua risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa. Serikali ilitangaza wafu makumi kadhaa. Kumbukumbu za wafanyakazi zinataja wengi zaidi. Watu wale hawakuwa na njaa ya kuanguka njiani. Walikuwa wanakula posho ya kampuni. Walichodai ni pesa mkononi, ya kununua nguo, sabuni, baiskeli, na chakula walichochagua wenyewe.

Uhuru ulipokuja, mtindo haukufa. Mobutu alitaifisha Union Minière kuanzia mwisho wa mwaka 1966, ikawa kampuni ya serikali ambayo baadaye iliitwa Gécamines, nayo iliendelea kugawa unga kwa familia za wafanyakazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Jina hilo linaeleza mengi. Kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba unga huja mwisho wa mwezi kama vile mvua huja mwezi wa kumi na moja.

Halafu haukuja. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mji ukaporwa mwaka uliofuata, na uzalishaji wa shaba ukaanguka mpaka sehemu ndogo tu ya ule wa miaka ya 1980. Mishahara ilikaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10.000 waliondolewa Gécamines kwa mpango ulioitwa “kuondoka kwa hiari”, kwa pesa za Benki ya Dunia. Hiari yenyewe inajadiliwa mpaka leo.

Ni katika miaka hiyo ndipo watu wa kawaida walipoanza kuhesabu chakula kwa ukali kuliko daktari yeyote, bila kutaja kalori. “Gong unique” ikawa na maana ya kula mara moja kwa siku. “Délestage”, neno la SNEL la kukata umeme kwa zamu, likahamia mezani: leo wanakula wadogo, kesho wakubwa. Saa ya kula ikasogezwa mpaka jioni ili mtu asilale na tumbo tupu. Unga wa mahindi ukachanganywa na wa mihogo, maana wa mihogo ni rahisi na unakaa tumboni. Makayabo yakakatwa vipande vidogo vya kuupa mchuzi harufu tu.

Lakini kushiba si sawa na kulishwa, na Kongo ilijifunza hilo mapema. Huko Kivu watu walikuwa na jina lao, bwaki, kwa ugonjwa wa mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zikibadilika rangi. Watafiti wa Lwiro, karibu na Bukavu, waliuchunguza sana tangu wakati wa ukoloni. Mtoto wa bwaki anaweza kuwa amekula mihogo au ndizi mpaka akashiba, kumbe protini ni chache mno. Leo, muuguzi akimpima mtoto mkono kwa utepe na kipimo kikashuka chini ya sentimita 11,5, rangi inasoma nyekundu. Anapewa vifuko vya Plumpy’Nut, kila kimoja gramu 92 na kalori 500, namba ikiwa imechapwa juu yake. Pengine hiyo ndiyo pakiti ambayo kalori zake zimehesabiwa kwa makini kuliko chakula kingine chochote kinachoingia katika nyumba nyingi za nchi hii. Mama haangalii namba. Anaangalia mtoto kama anakamata, anameza, anaomba kingine.

Upande wa pili upo pia, ingawa unazungumzwa kwa sauti ndogo. Lubumbashi ya leo ina watu wa ofisi, wa gari, wa bia kubwa tatu jioni, na chupa moja ya namna hiyo ina kalori karibu 300. Mwili mnene bado ni sifa: mtu akinenepa husemwa kwamba pesa imemkubali. Akipungua, majirani huuliza kama anaumwa. Anayeambiwa na daktari ana sukari au presha ndiye huanza kusikia habari ya kupunguza bukari na mafuta, na mara nyingi anaona kama anaadhibiwa. Miaka mingi familia yake ilipigania sahani ijae. Sasa anaambiwa aiache nusu.

Wengi, hata hivyo, hawajafika kwenye tatizo hilo. Mipango ya chakula cha dharura hupanga kalori 2.100 kwa mtu kwa siku, na tathmini za miaka ya karibuni zimehesabu zaidi ya Wakongo milioni 25 wenye njaa kali. Huku Katanga unga bado unategemea barabara ya Kasumbalesa. Moïse Katumbi alipokuwa gavana alizitaka kampuni za madini zilime mahindi, hekta 500 kila moja, yaani kampuni irudi kuwa baba kwa mlango mwingine. Mwaka 2016, Zambia ilipofunga uuzaji wa mahindi nje, bei ya mfuko wa kilo 25 iliruka Lubumbashi, na wanawake wa masoko wakaanza kuuza kwa vikombe badala ya meka.