Makamu wa Rais aliyepelekwa Cairo

Katika Uganda ya Idi Amin maneno "ajali ya gari" yalikuwa na maana yake. Februari 1977 serikali ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Walioamini walikuwa wachache. Basi Aprili 1978, gari la Makamu wa Rais lilipopata ajali, minong'ono ilianza.

Makamu huyo alikuwa Jenerali Mustafa Adrisi, mwenyeji wa West Nile, askari wa tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la mkoloni ambalo askari wake waliamrishwa kwa Kiswahili. Mapinduzi ya Januari 25, 1971 ndiyo yaliyomfungulia njia ya ikulu, na mwaka 1977 akawa mtu wa pili nchini. Lakini mtu wa pili kwa nguvu ya nani? Bunge lilikwisha vunjwa. Nguvu ya Adrisi ilikuwa kambini, kwa askari waliomhesabu kuwa mtu wao. Nguvu ya Amin nayo ilitoka huko huko, na kambi moja haina nafasi ya wakubwa wawili.

Adrisi alisafirishwa hadi Cairo, miguu imeumia vibaya. Akiwa angali kitandani, Amin akamnyang'anya wizara zake. Mwezi huo huo Brigedia Moses Ali akafukuzwa Wizara ya Fedha. Jeshi likapasuka.

Oktoba askari wa Uganda wakavuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Wanahistoria wengi huuhusisha uvamizi huo na mpasuko ule wa jeshini. Mkulima wa Kyaka, ambaye hata jina la Adrisi huenda hakulijua, ndiye aliyechomewa nyumba, ng'ombe wake wakaswagwa, na daraja lake likavunjwa.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Adrisi alikimbilia Sudan. Baada ya miaka alirudi kwao, akahojiwa na tume iliyoundwa mwaka 1986 kuchunguza maovu ya tawala zilizopita. Alifariki Uganda mwaka 2013, miaka 10 baada ya Amin kufia uhamishoni Saudi Arabia.