Kwa Nini Spika za Nyuma Uswazi Hukaa Mbele? Historia ya Sauti Kutoka Drive-In ya Msasani Mpaka Sabufa ya Chumba Kimoja

Ingia chumba cha kupanga Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale ambacho mwenyewe ana sabufa ya spika tano. Mara nyingi utazikuta zote tano mbele: mbili kushoto mwa TV, mbili kulia, ile ndefu imelala chini ya TV, na dude lenyewe la besi liko sakafuni limevishwa kitambaa cha kufuma kama mwali. Halafu anakuja jamaa aliyeangalia video mbili tatu mtandaoni, anaanza kucheka. Eti hizi mbili ni za nyuma bhana, mbona washamba hivi?

Kumbe anayecheka ndiye hajui historia. Waliozipanga hivyo mwanzoni walikuwa na akili zao timamu.

Turudi nyuma kidogo. Enzi za majumba ya sinema ya mjini, Avalon, Empire, Empress na Odeon, sauti ilitokea mbele tu, nyuma ya lile pazia jeupe, ambalo huwa na matundu madogo madogo ili sauti ipenye. Umekaa siti ya bei kali au ya bei poa, wote mnasikia kitu kimoja. Mwaka 1966 ikafunguliwa drive-in ya Msasani. Kwa utaratibu wa drive-in za enzi hizo unaegesha gari pembeni ya kinguzo, unachukua kijispika chako, unakitundika dirishani. Kila gari na sauti yake. Ule uwanja leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani, uliohamia huko baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Kwa hiyo wazo la kwamba sauti inaweza kuwa yako peke yako lilifika Dar mapema tu, ila lilifika kwa wenye magari.

Kitaa kilikuwa na njia yake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara hakukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Kilichoanza kuonekana mtaani ni deki ya video, hasa baada ya serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje mwaka 1984. Mwenye TV na deki alikuwa mtu mzito. Ndipo vikazaliwa vibanda vya video, ambavyo watu waliviita vibanda umiza na jina likakaa mpaka leo kwenye vibanda vya mpira. Mabenchi, joto, giza, watu wamebanana kama dagaa.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lenyewe. Ndani ya vibanda vile sauti muhimu kuliko zote haikuwa ya filamu. Ilikuwa ya mtafsiri. Picha ni ya Hong Kong, ya Kihindi au ya Kimarekani, halafu kuna mshikaji ana maiki, anakupa stori kwa Kiswahili, anamtania adui, anamwonya staringi kabla hajapigwa. Uganda wanaitwa VJ, Kenya na kwetu watu wakawazoea kwa jina la DJ. Baadaye sauti zao zikaingizwa kwenye kanda, kisha kwenye CD, na wapo waliojulikana kwa koo zao tu bila mtu kuwahi kuwaona sura. Sauti ya namna hiyo ukiigawa iende nyuma ya watu inapotea. Lazima itoke mbele, kwa nguvu, ili hata aliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango asikie.

Wakati huohuo huko nje teknolojia ilikuwa inakimbia. Dolby walishaleta mfumo wa sauti ya kuzunguka wa nyumbani mwaka 1982, na Pro Logic mwaka 1987. Mwaka 1992 Batman Returns ikawa filamu ya kwanza kutoka na Dolby Digital, ule mfumo wa 5.1: spika tatu za mbele, mbili za kuzunguka, na moja ya besi, ambayo ndiyo hiyo nukta moja. Mwaka 1996 DVD ikaanza kuuzwa Japani, na 5.1 ikahamia sebuleni kwa watu.

Bongo ikapokea mambo kinyumenyume. Spika tano zilifika kabla ya sauti tano. Sabufa za Kichina zilijaa Kariakoo kipindi ambacho kitaa kilikuwa kinaishi kwa VCD, na VCD ina sauti mbili tu, kulia na kushoto, basi. Bongo Movie zile za miaka ya 2000 zilikuja kwa VCD. Kanda za kudurufu ndiyo usiseme. Hata DVD za kuunganisha, zile filamu 20 kwenye sahani moja, mara nyingi sauti ilikuwa imeshakamuliwa ikabaki mbili ili zote zienee. Kwa hiyo ukizipeleka mbili nyuma, kilichotoka huko kilikuwa kilekile cha mbele, hakuna cha helikopta kupita juu ya kichwa. Ulichopata ni waya mrefu chini ya mkeka na mtoto kujikwaa. Kuzirudisha zote mbele ilikuwa hesabu sahihi kabisa.

Na kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo ndani ya boksi havilijui. Sauti ya kuzunguka imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kiti chake katikati ya chumba. Uswazi TV ilikuwa ya nyumba nzima na nyumba ya jirani. Watoto chini, wakubwa kwenye kochi, wengine dirishani. Unamzungushia nani? Sabufa ilikuwa pia ya kinyozi, ya duka la CD, ya genge la chipsi, na huko spika zinatazama barabarani kuita wateja. Baadaye vigodoro na singeli vikaja na minara ya spika zilizopandana. Sauti Dar ilikuwa kitu cha kugawana, upende usipende.

Ila hali imebadilika, na hapa ndipo mtu anaweza kuliwa hela. Leo filamu za mtandaoni zinakuja na 5.1 halisi, lakini sabufa nyingi zilizoandikwa 5.1 bado ni zilezile za enzi ya VCD. Dawa ni kuigeuza nyuma kabla hujalipa. Ukikuta matundu mawili tu, jekundu na jeupe, pamoja na USB na Bluetooth, hizo ni sauti mbili zinazogawiwa spika tano. Acha zote mbele kama mama mwenye nyumba alivyofanya, yuko sahihi mpaka leo. Ukikuta tundu la HDMI au la optiko, na imeandikwa Dolby Digital, hapo kuna kitu. Ukikuta matundu sita inawezekana pia, ila unahitaji deki yenye matundu sita ya kutolea sauti na waya zote sita. Wapo wanaochomeka mbili tu huku deki imewekwa 5.1, halafu wanalalamika eti milipuko inasikika lakini watu hawasikiki wakiongea. Maneno yako kwenye spika ya katikati, na waya wake haujachomekwa!

Zile wati elfu kumi kwenye boksi zipuuze. Plagi ya ampea 13 kwa umeme wetu wa volti 230 haiwezi kupitisha hata wati 3,000. Tafuta kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani, utakuta mara nyingi ni wati za taa kadhaa.

Kisha kuhusu kuzipanga. Hizo za "nyuma" jina lake limewapoteza wengi. Chukua uso wa saa ya ukutani, TV iwe kwenye 12 na wewe uwe katikati. Spika za mbele ziko kwenye 11 na 1. Za kuzunguka zinakaa karibu na 8 na 4, yaani pembeni, zimerudi nyuma kidogo tu ya mabega, juu kidogo ya masikio. Kwa hiyo hata chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda kimegusa ukuta, kinaweza. Misumari miwili, ukuta wa kulia na wa kushoto, kazi imeisha.

Kinachobaki ni besi. Nyumba zetu za Kiswahili, zile za korido katikati na vyumba huku na huku, nyingi kuta zake za ndani haziendi mpaka kwenye bati, kwa hiyo sauti inaruka tu juu kwenda kwa jirani. Magomeni Kota kaya 644 zilipewa maghorofa mapya mwaka 2022, na huko jirani yuko mpaka chini ya miguu yako. Ukiliweka sabufa kwenye kona besi inazidi yenyewe bila kugusa kitufe, kwa sababu kuta mbili zinairudisha. Lisogeze lisiguse ukuta unaopakana na mtu, liinue juu ya tofali lenye kipande cha godoro, na ikifika saa nne usiku lishushe kabla mjumbe hajagonga mlango.