Ziwa Lilipopanda

Wasikilizaji wetu wa Guta na wa vijiji vyote vya kando ya ziwa, somo la leo ni historia ya maji yaliyo mbele yenu, katika Ghuba ya Speke.

Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa mno zilinyesha Afrika Mashariki. Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mashamba ya kando yakafunikwa. Kimo cha ziwa kilikuwa kikipimwa tangu 1896, lakini habari za mvua na mito ziingiazo ziwani zilikuwa chache.

Basi serikali zilifanya nini? Mwaka 1967 Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri, zikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, zilianza kupima mvua na mito ya eneo hili. Zilijenga vituo, zikawafundisha na watu wao kazi hiyo. Maana kipimo kisicho na msomaji ni bati tu.

Mei 2020 ziwa lilipita alama ya 1964. Mwaka 2024 likaipita tena. Mtaalamu aweza kutuambia maji yatapanda. Lakini yatafika mlango wa nani? Hilo alijuaye ni mzee wa kijiji. Mafunzo yasiyowakutanisha wawili hawa ni nusu ya mafunzo.

Kazi yenu: mwulizeni mzee maji yalifika wapi zamani zile. Wekeni alama hapo, kabla hamjajenga.