Zana za Kidijitali za Kisukari za Lugha Mbili

Zana za kidijitali za kisukari za lugha mbili ni programu za simu na huduma za ujumbe mfupi zinazomwongoza mgonjwa, kwa lugha mbili, kupima sukari, kula, kutumia dawa na kutunza miguu. Nchini Kenya mfano wa karibu ni WelTel, jaribio lililohusu VVU badala ya kisukari, lenye washiriki 538, Pumwani ya Eastlands, Nairobi, ikiwa kituo kimojawapo. Kila wiki mgonjwa aliulizwa kwa ujumbe mfupi "Mambo?", naye akajibu "Sawa" au "Shida"; matokeo ya 2010 yalionyesha ufuasi bora wa dawa. Senegal ilianza ujumbe wa kisukari mwaka 2014, ukiwemo wa Ramadhani. Lakini hata lugha mbili zina mipaka: Kiamaiko, mtaa wa Nairobi wa machinjio ya mbuzi wenye Waborana na Wasomali, Kiswahili na Kiingereza pekee havitoshi.