Kupanda, Kupandishwa, Kujipandisha: Mfawidhi wa Mchezo na Daraja la Mhusika

Mchezo wa kuvaa uhusika huchezwa mezani na watu wachache wanaosimulia hadithi moja kwa pamoja. Kila mchezaji humsemea mtu mmoja wa kubuni, yaani mhusika, ambaye nguvu zake, ujuzi wake na mali yake vimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wa walioketi hana mhusika wake. Huyu hueleza mahali palivyo, huwasemea maadui na wapita njia, hutafsiri kanuni, na huamua jambo gani lirushiwe dadu. Mara nyingi ndiye pia anayesema ni lini mhusika wa mwenzake amekua.

Maneno "kuvaa uhusika" hayakuhitaji kubuniwa, kwa kuwa waigizaji wa filamu na tamthilia huyatumia kila siku. Kazi ngumu ni kumpatia jina huyo asiye na mhusika. Akiitwa refa, anakuwa mtu wa kupuliza filimbi tu, ilhali nusu ya hadithi inatoka kinywani mwake. Manju wa ngoma anakaribia, maana huongoza na kutunga papo hapo, lakini manju hatoi hukumu. Mtambaji naye anaujua mwisho wa hadithi yake, na wasikilizaji hawaubadilishi. Linalofaa kuliko yote ni mfawidhi, neno linaloonekana kwenye milango ya ofisi: mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi. Asili yake ya Kiarabu inahusu kukabidhi madaraka, na mezani ndivyo ilivyo. Madaraka ni ya wachezaji wote, nao wamemkabidhi mmoja ayashike kwa niaba yao.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika huanzia daraja la kwanza, hukusanya alama za uzoefu kwa kuwashinda maadui na kwa kutwaa hazina, na alama zikitimia idadi iliyowekwa, daraja lake hupanda na uwezo wake huongezeka. Michezo mingi iliyofuata imeurithi mpango huo au imeukataa, na kilichobishaniwa zaidi ni nani mwenye neno la mwisho.

Hapa Kiswahili kina faida kubwa, kwa sababu vitenzi vyake havimwachi msemaji akwepe swali hilo. Mhusika akipanda, kitenzi kinamtaja yeye peke yake, kama vile mche unavyorefuka. Akipandishwa, kuna mkono wa mwingine. Akijipandisha, mkono ni wake. Mwalimu wa shule ya serikali anaujua vyema umbali uliopo kati ya kutimiza miaka ya kupanda daraja na kupokea barua ya kupandishwa. Kwa hiyo mtafsiri wa kitabu cha kanuni hawezi kuchagua kitenzi kimoja akakitumia kurasa zote. Inambidi asome kwanza kanuni imempa nani mamlaka.

Mfano ulio wazi kabisa wa kupandishwa umo katika mwongozo wa mfawidhi alioutoa Gygax mwaka 1979. Alama za uzoefu zikishatimia, kazi bado haijaisha. Mfawidhi humpima mchezaji jinsi alivyoutendea haki uhusika wake, kuanzia 1 kwa aliyefanya vizuri sana hadi 4 kwa aliyefanya vibaya, na wastani wa alama hizo huwa idadi ya majuma ambayo mhusika atasomea daraja jipya. Ada nayo hupanda kwa majuma na kwa daraja alilonalo. Askari aliyejificha nyuma ya wenzake vita vilipochacha hulipa woga wake kwa muda na kwa dhahabu.

RuneQuest, uliotoka mwaka 1978, haukuwa na madaraja kabisa. Tuseme wachezaji wanne wa Matongo, katika nchi ya Wakurya, wametunga hadithi ya ng'ombe walioibwa usiku, na mhusika mmoja ana ujuzi wa kufuata nyayo wa asilimia 45. Kwato zinaishia ukingoni mwa Mto Mara. Anarusha dadu, anapata 31, anaziona nyayo zikitokeza ng'ambo, kwenye tope chini ya mti. Kwa kufaulu huko anaweka alama pembeni ya ujuzi huo kwenye karatasi. Hadithi ikitulia anarusha tena, na safari hii anataka namba inayozidi 45, hivyo kadiri ujuzi unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyokuwa mgumu kuongezeka. Akiipata, ujuzi unafika 50. Huyu amepanda. Mfawidhi amebakiwa na mamlaka madogo lakini ya lazima: kukataa alama ya mtu aliyefuata nyayo za ng'ombe wake mwenyewe zizini ili tu apate kurusha dadu.

Katika Champions wa mwaka 1981, mfawidhi hugawa alama na mchezaji huzitumia kununua uwezo anaoutaka: anapewa, kisha anajipandisha. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, linamruhusu mfawidhi kuacha kabisa kuhesabu alama na kuwapandisha wote kwa pamoja hadithi ikifika kituo fulani. Ni njia nyepesi, nayo ndiyo inayompa mamlaka makubwa zaidi.

Mamlaka hayo yana mfano wa karibu katika nchi ya Wakurya. Mvulana huongezeka umri mwenyewe, lakini haingii rika kwa kuhesabu miaka. Baraza la siri la wazee wa mila, inchama, ndilo linaloamua kama msimu wa tohara ufunguliwe katika ukoo, na lisipouridhia mwaka, wavulana husubiri hata kama umri na ujasiri vimetimia. Waliotahiriwa msimu mmoja huwa rika moja, esaro. (Ulinganisho huu ni wa wavulana tu. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya mwaka 1998.) Tofauti ni kwamba inchama haidaiwi maelezo mbele ya vijana, ilhali mfawidhi amekabidhiwa tu, na aliyemkabidhi anaweza kuinuka mezani. Kwa hiyo kigezo cha kupandisha kinapaswa kutajwa kabla ya kikao cha kwanza. Kikifichwa, wachezaji huacha kuisimulia hadithi na kuanza kumsoma mfawidhi usoni.

Huenda mtu akashawishika kuliita daraja la mhusika rika. Neno hilo halifai. Katika mchezo wa 1974 wamo wafu wanaotembea ambao wakimgusa mhusika humpunguzia daraja zima, na mfawidhi hufuta kilichokwisha kuandikwa. Daraja hushuka, na mtu hushushwa. Rika halina kushushwa: aliyekwisha kuingia esaro hubaki nayo hadi kaburini.