Mtutu na Mti Wake: Historia ya Istilahi Moja

Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya mwongozo wa bunduki za uwindaji, tukakuta humo maneno "pipa linaloelea". Kamusi mfasiri alikuwa nayo. Historia ya kitu chenyewe ndiyo iliyompita.

Kiswahili kina majina mawili ya siku nyingi kwa mwanzi wa chuma upitao risasi: mtutu na kasiba, la pili likitokana na neno la Kiarabu lenye maana ya utete. Upungufu wetu uko kwenye maungano ya mtutu na mti wa bunduki, na hapo ndipo shabaha huharibikia.

Risasi ifyatukapo, mtutu hutikisika mithili ya uzi wa zeze. Ukigusana na mti, mtikisiko hubadilika; na mti nao hufura kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, hata bunduki iliyolenga barabara wakati wa kiangazi ikakosa wakati wa masika. Waaustralia walijifunza jambo la jamii hiyo kwa gharama. Kiwanda cha Lithgow, kilichofunguliwa mwaka 1912, kiliunda bunduki za Lee-Enfield, ambazo asili yake zilitiwa mti wa mjozi. Walipotumia miti ya kwao iliyo laini zaidi, teke la bunduki liliuponda mti pale mtambo unapoegemea, mtambo ukalegea na shabaha ikapotea. Katika miaka ya 1940 wakatia vibati vya shaba mahali hapo. Huko London, tangu 1942, kampuni ya Holland & Holland iligeuza bunduki teule zaidi ya 20,000 za Lee-Enfield kuwa za wadunguaji, zikiwekewa darubini, na juu ya kitako kipande cha mti cha kuegemezea shavu.

Baadaye mafundi wa bunduki za uwindaji walizoea kumimina gundi ngumu chini ya mtambo ili ulale bila kucheza, na kuuchonga mti ili mtutu usiuguse. Mwanya hupimwa kwa karatasi tu.

Kwa hiyo twapendekeza "kulaza mtambo" kwa kazi ya kwanza, na "mtutu huru" kwa tokeo la pili. Kuelea tumekukataa: mtutu umekazwa barabara upande mmoja. "Kitako" kibaki sehemu ikaayo begani, na umbo zima liitwe "mti wa bunduki".

Juu ya kasiba hatujapatana. Baadhi yetu waona neno hili litengewe magobori, wengine waona ni kisawe tu. Wasomaji walio karibu na mafundi wa magobori na watuandikie wanavyoliita.